Mwalimu wa Shimo la Saba

Ulipita. Usikatae. Jana Jumamosi ulipita na baiskeli yako barabara ya Makambako, ukafika usawa wa uwanja wa gofu wa Njombe, ukamwona mzee Nahumu amezama mchangani mpaka kiunoni, wazungu wamempangia foleni. Ukageuza uso, ukakanyaga pedali. Basi sikiliza ulichokikimbia.

Kefa, mwana wa Nahumu, mtu mzima mwenye mvi, humbebea Bwana Katibu wa klabu mfuko wa fimbo. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa haujainuka. Kimpira cha Katibu kiliangukia shimo la saba la mchanga, mtego wa kunasa vimpira, lile walilolichimba miaka sita iliyopita juu ya kaburi la Nahumu, wakalijaza mchanga wa lori kutoka Lyamkena. Katibu akapiga mara nne. Kimpira kikapanda ukingo, kikarudi. Alipoinua fimbo mara ya tano, Nahumu akaibuka, akapangusa mchanga ndevuni.

"Mwambie huyo aache kunivunja mbavu," alisema. "Apige mchanga, asipige kimpira."

"Kamwene, baba," Kefa alimsalimia kwa lugha ya kwao.

"Kamwene. Mwambie kwanza."

Kefa akatafsiri. Mashindano ya kikombe yalikuwa yamebakiza wiki moja, kwa hiyo Katibu akasikiliza. Nahumu alikuwa ameyaangalia mapigo yao kutoka chini miaka yote sita, na hakuna aliyeyajua kuliko yeye.

"Azungushe nyayo mpaka zizame. Uzito aulaze mguu wa kushoto, kimpira kikae mbele, usawa wa kisigino cha mguu huohuo. Uso wa fimbo aufungue utazame mbinguni. Aiteremshe fimbo umbali wa vidole viwili nyuma ya kimpira, na mkono usisite njiani. Mchanga wenyewe utakibeba. Ila kikiwa kimejizika, uso aufunge."

Kimpira kikatoka kwa ulaini, kikalala karibu na bendera. Katibu hakushukuru. Alikumbusha tu kwamba ni marufuku fimbo kugusa mchanga kabla ya pigo. Sheria hiyo wanaiogopa kama ugonjwa. Ya makaburi hawajaitunga.

Kufikia saa sita wanachama wanane walikuwa wamejipanga. Mmoja alimletea Nahumu mwavuli. Mwingine alilalamika kwamba kivuli cha marehemu kinamsumbua.

"Huyu mnene anapiga kama anayechimbua viazi," alisema Nahumu.

"Anasema unajitahidi, bwana," Kefa akatafsiri.

Lakini Kefa hakuwa akicheka. Tangu asubuhi alikuwa na ombi moja kooni, akingoja wafurahi. Mwanachama wa nane alipotoa kimpira chake, Kefa akavua kofia.

"Bwana Katibu, baba amewafaa. Naomba nimtoe humu nikamlaze nje ya uzio."

"Mwalimu haondoki kabla ya mashindano."

"Na yakiisha?"

"Kuna mengine Septemba."

Ukanda wa mfuko ulikuwa unamkata Kefa bega. Baba yake alimtikisia kichwa: nyamaza, mwanangu. Kefa hakunyamaza. Alidhani hata mzungu ana mama.

"Bwana, kule nje ningewalaza pamoja. Mama yetu Ema yuko palepale, penye mianzi ya kugema pombe ya ulanzi. Tulimlaza pale ili awe anamwona mumewe."

Nahumu akafumba macho.

Katibu aligeuka, akaitazama mianzi kwa muda mrefu.

"Naye anajua kufundisha?" aliuliza.

Akatoa penseli, akaandika: shimo jipya la mchanga, penye mianzi, Jumatatu saa moja asubuhi. Kefa aje na jembe lake mwenyewe. Kisha akasogea pembeni, maana mwanachama wa tisa alikuwa amefika, na Nahumu akaanza upya, taratibu, kutoka kwenye nyayo.

Leo ni Jumapili. Umetoka kanisani, umeshiba, umekaa unasoma. Kefa yuko kwake, jembe limeegemea mlango, na peke yake hawezi kukataa kuchimba. Weka karatasi hii chini. Mwite jirani, mwite na mkewe. Ukitokea Makambako, mianzi iko mkono wa kulia. Nendeni mkaketi juu ya kaburi la Ema, mjae hadi pakosekane pa kuchimba. Usiniambie kesho. Simama sasa.