Mkaja Wangu Nautaka

Mume wangu Sefu amestaafu, lakini mdomo wake haujastaafu. Maisha yake yote alikuwa dereva wa hoteli kule Diani, kazi yake kupeleka wageni Shimoni na kuwarudisha, na mpaka leo akishika usukani lazima aeleze.

"Upande wa kulia, bibie, utaona minazi."

Minazi! Mimi niliyezaliwa Msambweni nionyeshwe minazi.

"Sefu, tazama njia."

"Na upande wa kushoto, ile ndiyo hospitali aliyofanyia kazi mkunga mmoja mkali sana."

Basi nacheka, nifanye nini? Mkunga mwenyewe ni mimi. Nimepokea watoto wa watu mpaka mgongo ukasema basi, nikapewa cheti na saa ya ukutani, nikaja nyumbani kupumzika. Kupumzika kwenyewe ndiko huku: Sefu alipopata kiinua mgongo chake alinunua gari, Probox kuukuu, na tangu hapo hatukai. Akisikia Bodo kuna kaa wazuri, twende Bodo. Akikosa la kusikia, twende Shimoni tukanunue samaki wa changu, na changu wanapita kwa baiskeli hapa hapa mlangoni petu kila asubuhi. Namlalamikia, kisha mimi ndiye wa kwanza kuingia garini.

Desemba alikuja kifungua mimba wetu, Issa, na wanawe kutoka Nairobi. Yule mkubwa akaniita "shosho." Nikamwambia, shosho hakai hapa, hapa anakaa bibi, na shikamoo yangu iko wapi? Mpaka wanaondoka, mtoto alikuwa akiwapa shikamoo hata kuku. Nyumba ilijaa mchanga, taulo mbichi na kelele, nami nikapiga kelele zaidi yao wote. Walipokwenda zao ikanyamaza, ndipo nikaanza kazi niliyokuwa nikiingojea, kutayarisha chumba cha Twaiba.

Twaiba ni kitinda mimba wetu. Alikuwa na mimba yake ya kwanza, nayo ilikuwa imeshakuwa kubwa. Kwetu, binti akiwa na mimba ya kwanza hurudi kwa mamake kujifungua. Hukandwa kwa maji ya moto, hupikiwa uji wa pilipili manga, mtoto huogeshwa na bibi yake, na arubaini hukatika akiwa pale pale. Nimewapokelea wajukuu wao akina mama wa Msambweni nzima, nikawakabidhi, nikawatazama wakienda nao nyumbani. Na mimi zamu yangu ilikuwa imefika. Nilianika godoro, nikanunua beseni jipya, nikamsumbua Sefu apake chumba rangi, akapaka na sakafu.

Kisha simu ikalia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unakuja lini? Babako ana hamu ya safari."

"Mama, mimi... nitajifungulia huku huku Mackinnon Road."

"Umeamua wewe au mumeo?"

"Ni mambo marefu, mama," akasema.

Nikaikata simu kabla hajanisikia nikilia. Nililia, sifichi. Kisha nikakasirika, maana hasira naiweza zaidi.

Nilijua ni Chome. Mumewe huyo ni Mduruma wa kule Mackinnon Road, anauza mbuzi, kijana mrefu na mpole. Upole wake nausikia kwa watu tu, maana mimi hajanitazama usoni hata siku moja. Baada ya harusi alimleta Twaiba kutusalimu. Nilipika wali wa nazi na samaki wa kupaka, nikampa mkono kumkaribisha, akaurudisha wake nyuma kana kwamba nimeshika kaa la moto. Nikasema labda ana haya, acha nikae nile nao ajisikie nyumbani. Loo! Nilipoketi tu akainuka, akatoka, akakaa garini mpaka saa ya kuondoka. Sahani yake ilirudi jikoni vile vile ilivyotoka, kuku ndio walioila.

"Ni heshima ya mkwe, Mama Issa," Sefu aliniambia siku ile. "Watu wa kule juu bado wanaishika sana, mkwe hampi mkono mama wa mkewe wala hali naye."

"Heshima gani ya kushinda na njaa? Huyo ananidharau."

Tangu hapo kila alipomleta Twaiba alibaki barabarani, nami nikabaki jikoni. Mtu hataki chakula changu, nimlazimishe? Lakini kuninyima mjukuu, hilo sikulimeza. Nikatoka uani nikamwambia Sefu atie gari mafuta.

"Tunakwenda wapi?"

"Mackinnon Road. Namfuata mwanangu."

Tulishika njia asubuhi, tukapanda Kwale, tukateremka Kinango. Minazi ikabaki nyuma, ikaja miiba na udongo mwekundu. Mimi nilikuwa nimefura, nimekumbatia mkoba, na Sefu anaeleza.

"Upande wa kulia, bibie, punda."

"Sefu."

"Upande wa kushoto, punda mwingine."

Nilikataa kucheka. Tukatokea Samburu kwenye barabara kuu, malori yakatupita yakitutikisa, tukapita Taru, na tulipofika Mackinnon Road nilikuwa nimeshapanga kila neno nitakalomwambia Chome. Nilianza na "Wewe kijana" na yaliyofuata siyaandiki.

Sikupata nafasi. Gari ilipoingia uani, Chome alikuwa amesimama katikati akimfunga mbuzi kamba. Akaona ni mimi. Wallahi, aliiachia kamba akapotelea nyuma ya zizi!

"Umemwona?" nikamwambia Sefu. "Amenikimbia! Mchana kweupe!"

Twaiba alitoka ndani akijivuta, tumbo mbele, nikamkumbatia, na mkono wangu ukaenda tumboni wenyewe kwa mazoea ya kazi. Mtoto alikuwa ameshageuka, kichwa chini. Siku zake hazikuwa mbali.

Mamake Chome, Bi Kadzo, akatukaribisha kwenye mkeka, akatuletea maji. Ni mwanamke wa rika langu, mwembamba, hapayuki. Tukaulizana hali, za nyumbani, za njiani, za mvua ambayo haikunyesha. Adabu ilipokwisha nikaweka kikombe chini.

"Mama Chome, nimekuja kumchukua binti yangu akajifungulie kwao. Nataka mwanao atoke huko alikojificha aniambie kwa nini ananikatalia."

Bi Kadzo akakisogeza kikombe changu kando. "Mama Issa, wewe ndiye uliyemkataa mwanangu."

"Mimi?"

"Wazee wetu walipokuja kuposa walikuletea mkaja na ubeleko. Uliwaambia nini?"

Nilikumbuka vizuri, tena nilikuwa najisifia kila mahali. Kazini nilikuwa nimeona mengi, wasichana wanaumwa na uchungu, waume wao wamesimama mlangoni wakihesabu walichowalipia. Nikaapa wangu hatatozewa hata uzi. Wazee walipozikunjua leso zile za mkaja na ubeleko mbele yangu nikawaambia mwanangu si mbuzi wa mnadani, rudini na leso zenu, mimi nina mshahara wangu. Sefu alipokea kilemba chake, akakivaa harusini, nikamcheka mpaka machozi. Nilijiona mwanamke wa kisasa.

"Niliwasamehe," nikasema. "Sikutaka kuwatoza."

"Nani alikuomba msamaha?" Bi Kadzo akauliza, sauti ile ile ya chini. "Mkaja ni wa tumbo lako ulilolifunga ulipomzaa huyu. Ubeleko ni wa mgongo uliombeba. Kwetu hiyo si bei ya mtu, ni asante. Baba akapokea chake, mama akarudisha. Wazee walimrudishia mwanangu leso zile, akazifungia sandukuni. Mkwe amekataa asante yake, atakula vipi kwake? Tena ukampa mkono, ukakaa naye sahani moja mbele ya watu! Akajua sasa unamfanyia mzaha. Na huyo mtoto atakayezaliwa, utambebea nini? Ubeleko wake umekataliwa kabla hajatungwa."

Nilimgeukia Twaiba. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia, mama. Nilisema wamesikitika. Ukaniambia niachane na mambo ya kizamani, ukaanza habari za uji."

Sefu, ambaye njia nzima hakunyamaza, alikuwa anautazama mkeka.

Muda wote ule nimemchukia kijana wa watu kwa sahani ya wali, na mwenyewe alikuwa anangoja nimkubali. Nikaona aibu, na chini ya aibu nikaona furaha, maana aliyenikimbia alikuwa hajanidharau kamwe. Nikasimama. Nikajifunga leso yangu kiunoni, kwani mimi kama ni kosa nalirekebisha kwa sauti ile ile niliyolifanyia.

"Sefu! Nenda karibu na zizi umwambie mkwe wangu: mkaja wangu nautaka!"

Sefu akaenda. Chome alikuwa nyuma ya zizi, hatua chache tu, anasikia kila neno, lakini adabu ni adabu. Sefu akajikohoza, akatumia sauti ile ya wageni.

"Bwana Chome, mamako anasema mkaja wake anautaka."

Mbuzi wakalia. Halafu sauti ya kijana ikatoka. "Baba, mwambie mama upo. Sijampa mtu."

"Anasema upo," Sefu akanipigia kelele, kana kwamba mimi ni kiziwi.

"Mwambie na ubeleko! Tena amenicheleweshea, namtoza faini. Nataka na mbuzi!"

"Baba, mwambie mama achague mwenyewe!" Na sauti sasa ilikuwa inacheka.

Majirani walikuwa wameshaanza kuchungulia. Bi Kadzo akaingia ndani, nikasikia kifuniko cha sanduku, akatoka na leso zile zile zimekunjwa, zinanukia karafuu. Nikazipokea kwa mikono miwili. Nikaufunga mkaja tumboni juu ya nguo zangu, pale pale uani, mtu mzima kama mimi, na Bi Kadzo akapiga kigelegele ambacho sikujua mwanamke mwembamba vile anacho. Majirani wakakipokea. Twaiba alikuwa analia na kucheka, nikamwambia akae chini asije akatuzalia mkekani.

Nikachagua mbuzi mweupe mwenye doa jeusi usoni. Chome akamfunga miguu akampakia garini, uso ameuelekeza kwingine, nami nikautazama mnazi usiokuwapo. Tukaondoka, Twaiba kiti cha mbele, mimi nyuma.

"Upande wa nyuma, bibie," Sefu akasema tulipofika Taru, "utaona mbuzi."

Safari hii nilicheka mpaka mkaja ukalegea.

Twaiba alijifungua baada ya siku chache, msichana, mzima, na sauti kali. Aliitwa Kadzo, jina la bibi yake wa kule, na Sefu akakitangazia kijiji kizima kwamba ameoa mke wa pili, mdogo na mzuri kuliko wa kwanza. Nikamkanda mwanangu, nikamwogesha mke mwenzangu kwenye beseni jipya. Nilikuwa na furaha ya kijinga, naimba hata nikiosha masufuria.

Siku Chome alipokuja kumwona mtoto, nilipika vile vile, wali wa nazi na samaki wa kupaka. Sikutoka kumpa mkono. Sikuketi naye. Alinisalimia kutoka barazani, "Shikamoo, mama," na mimi jikoni nikaitikia, "Marahaba, mwanangu," ukuta katikati yetu. Sefu akabeba sinia. Nikabaki na mtoto mgongoni, nimemfunga kwa ubeleko wake, nautazama mlango.

Nikapanga vikombe, nikavipangua. Nilikumbuka ile sahani ya kwanza, nikawaza kuku.

Sefu akarudi na sinia. Lilikuwa tupu, miiba ya samaki imewekwa pembeni vizuri. Lakini yeye akasimama tu, hasemi, mtu ambaye hajawahi kunyamaza.

"Nini?" nikamuuliza. "Amesemaje?"

"Mkweo ana swali."

"Swali gani, Sefu? Usiniue."

"Anauliza, kama sufuria haijaoshwa, kuna ukoko?"

Nikakaa kwenye kigoda. Mgeni haombi ukoko. Mgeni hushukuru akanawa mikono, ukoko huombwa na mtoto wa nyumba, yule anayejua sufuria iko wapi na mamake atamfokea halafu atampa. Issa aliuomba. Twaiba aliuomba. Nilijifuta macho kwa upindo wa ubeleko, nikainuka, nikaukwangua wote mpaka sufuria ikang'aa, nikampa Sefu ampelekee, na nikamwonya asiuguse njiani.