Wa Tano

Feruzi ndiye wa kwanza. Hapo sina mjadala na mtu, na asiyekubali aende akabishane na mawe. Feruzi alipiga kafi kutoka Magara hadi Rumonge na bega limeteguka, na bado watu wa Uvira wakaiona migongo yetu tu. Wa pili ni Aruna. Watu wa Gitaza wanadai Aruna alistahili kuwa wa kwanza kwa sababu alikuwa na nguvu zaidi, lakini watu wa Gitaza wanajua kuanika ndagala, hao dagaa wao, mambo ya kafi wameyajulia wapi? Wa tatu Shafii, wa nne Abdulhamid wa mkono wa kushoto. Wa sita Amuri. Wa saba Asmani, mvivu wa mazoezi asiye na mfano, ambaye siku ya mashindano alikuwa mtu mwingine kabisa.

Wa tano nilikuwa simtaji, na hiyo ndiyo habari yenyewe.

Mimi ni Nasoro, mpanga majina wa mtumbwi uitwao Tusiulizane. Miaka hiyo Wadachi walikwisha kujenga boma lao Usumbura, na kila mji wa ziwani ulikuwa na mtumbwi wake wa mashindano. Wetu ulikuwa na wapiga kafi kumi na wawili. Wafanyabiashara wa Rumonge waliwalisha na kuwavisha ili wapige kafi tu, wasilime wala wasivue. Kazi yangu ilikuja mara moja kwa mwaka. Asubuhi ya Idd, kabla ya kushindana, nilisimama majini hadi magotini kando ya mtumbwi na kuita majina ya wale saba waliowapita wenzao wote tangu mtumbwi uchongwe. Wote walikuwa marehemu. Kila nilipoita jina, mtumbwi ulizama kidogo, kiasi cha kidole, kama unavyozama mtu anapopanda. Usiniulize kwa nini. Rumonge nzima iliona, na hakuna aliyeuliza.

Nikifika wa tano nilikuwa nachota maji kwa kiganja na kuyarudisha kimya kimya. Nilirithi hivyo kwa baba yangu, aliyekuwa mpanga majina kabla yangu. Mwaka mmoja baba alimpenda mno kijana fulani wa mtumbwini, akamwita wa tano naye yuko hai, amekaa palepale akicheka. Siku hiyohiyo ziwa lilimchukua, na watu wakasema ni ajali tu. Baba hakulitamka tena jina lile, hata kwangu mimi, akafa nalo. Aliniachia mambo mawili tu. Aliye hai hapangwi. Na aliyechukuliwa na ziwa, jina lake halitajwi ndani ya nyumba yao mpaka arobaini ipite, asije akadhani anaitwa aingie.

Sasa niseme la moyoni, maana wengine watalisema wakiongeza chumvi. Nilikuwa na mdogo wangu, mpiga kafi bora kuliko wote waliokuwa hai, na nilimwonea wivu. Mimi nilikaa mtumbwini miaka mitatu, nikatolewa kwa sababu nilikuwa nawachelewesha wenzangu. Yeye alichukua ubao wangu, na wiki ya kwanza tu watu wakasahau kwamba ulikuwa wangu. Aliwahi kuniuliza, si mara moja, akifa nitampanga wa ngapi. Nilimjibu kwamba orodha imejaa. Niliyaona macho yake yakishuka, na nikafurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Mama alimzaa akiwa amekwisha kukata tamaa ya kuzaa. Alipata mimba bila kufahamu, mpaka mtoto akamcheza tumboni. Ndiyo maana akamwita Sikujua.

Mwaka ule bwana mmoja Mdachi alitumwa Rumonge kuangalia mashindano. Siku mbili kabla ya Idd akamtuma karani wake, Hassani, mtu wa Bagamoyo, aandike majina ya mabingwa wetu saba yasomwe mbele ya watu. Nilikataa. Hassani akanieleza kwa upole kwamba bwana haombi. Basi tukakaa barazani, yeye na kalamu yake, mimi na hasira zangu. Nikamtajia Feruzi, nikamtajia Aruna, na kwa kila mmoja nikamweleza sababu, ingawa hakuwa na haja ya sababu. Tulipofika wa tano nikamwambia baba alikufa nalo, nikafanya ishara ya kuchota maji pale penye vumbi.

Hassani akaniambia kwamba jina hilo limepotea basi, na kwamba bwana amekwisha kutangaziwa majina saba. Akatazama karatasi yake, akauliza kwa uchovu, "Sasa mzee, mbona hukuniambia mapema?"

Nikamjibu, "Sikujua."

Nilikuwa na maana kwamba sikujua bwana ameahidiwa saba. Kalamu ikatembea. Akaniuliza wa sita, nikamwambia Amuri, naye akaandika. Mimi nasoma herufi za Kiarabu. Hizi za Wadachi kwangu ni nyayo za kuku tu. Niliiona karatasi, nikaona mistari saba, nikadhani pale pa tano ameandika kwamba hapana mtu.

Asubuhi ya Idd, watu walipotoka kuswali, ufuo ulijaa kanzu nyeupe. Bwana alikaa kitini. Niliingia majini kama kawaida yangu, lakini Hassani akaniashiria nitulie, kwamba leo yatasomwa. Alikuwa na sauti nzuri, hilo simnyimi. Akasoma Feruzi, na mtumbwi ukazama kiasi cha kidole. Aruna, ukazama. Shafii, Abdulhamid. Nilikuwa nimeweka mkono ubavuni mwa mtumbwi, na kila mara niliuhisi ukishuka chini ya kiganja changu.

"Wa tano," akasoma Hassani, "Sikujua."

Mtumbwi ukapanda. Ulipanda kiasi cha kidole, kama mtu ameshuka.

Ufuo mzima ukapiga vigelegele. Walidhani nimemtunuku ndugu yangu. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa kwenye ubao wake, kafi magotini, akanigeukia na uso ambao nilikuwa sijauona tangu alipokuwa mtoto wa kubebwa.

"Murakoze, ahsante kaka," akasema. "Nilijua iko siku utaniona."

Nilimshika mkono, nikamwambia ashuke, ashuke sasa hivi. Akadhani natania. Nilipomvuta, uso wake ukabadilika taratibu, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo kuliko yote yaliyofuata.

"Hata leo, kaka?" akaniuliza kwa sauti ndogo. "Hata leo wivu?"

Nikamwachia. Njia ilibaki moja tu, kumpa mtu mwingine nafasi ile, ziwa limchukue yeye, na aliye hai niliyekuwa na haki ya kumtoa ni mimi. Nikapaaza sauti mbele ya bwana na mji mzima kwamba karani amekosea, wa tano ni Nasoro. Nikaweka kiganja ubavuni mwa mtumbwi, nikangoja. Haukushuka. Nikaita tena, "Wa tano, Nasoro!" Watu wakaanza kucheka. Wazee waliinamisha vichwa kwa aibu. Nilijiita mara ya tatu, machozi yananitoka, na mtumbwi ukatulia vilevile juu ya maji. Mimi ndiye niliyewapanga wengine maisha yangu yote, nikijua nani anastahili na nani hastahili. Ziwa nalo lilikuwa linajua.

Hassani akamalizia Amuri na Asmani. Ngoma ikalia.

Tuliwashinda watu wa Nyanza, wapinzani wetu mwaka ule, kwa umbali ambao haujawahi kutokea. Tusiulizane ulirudi peke yake kwenye maji meupe ya jua, na sisi tuliokuwa ufuoni tulisikia kafi kumi na mbili zikipiga kwa pamoja, pigo moja, pigo moja, bila kosa. Nilihesabu kwa masikio. Mtumbwi ulipogusa mchanga walishuka watu kumi na mmoja. Kwenye ubao wa ndugu yangu kafi ilikuwa imelazwa vizuri, kavu, kana kwamba haijawahi kuingia majini. Kassimu, aliyekaa nyuma yake, aliapa kwa Mungu kwamba mgongo ule alikuwa nao mbele ya macho njia nzima, na jasho likiutiririka, mpaka mchanga ulipokwaruza chini yao. Kisha alipepesa macho, na ubao ulikuwa mtupu.

Walitafuta siku mbili kwa mitumbwi yote. Hawakupata kitu.

Siku ya tatu waombolezaji walipungua. Mama alikuwa ameketi mkekani ndani ya nyumba, mimi mbele yake. Kafi tulikuwa tumeiegemeza nje, kando ya mlango. Alikuwa amekwisha kusikia yote, jinsi nilivyomvuta mwanawe ashuke, jinsi nilivyojiita mwenyewe ili nimpokonye heshima. Hakufoka.

"Mwanangu, uniambie kweli," akasema. "Karani alipoandika, ulijua?"

Nilifungua mdomo. Jibu lilikuwa neno moja tu, fupi, na lilikuwa la kweli. Ndipo nikasikia tone. Nikatazama mlangoni, nikaona ile kafi kavu inachuruzika maji, tone baada ya tone, na vumbi la kizingitini limekwisha kulowana, kama pale ambapo mtu aliyetoka kuoga husimama akisubiri kukaribishwa.

Nikafunga mdomo.

Mama alingoja. Kisha akajifunika kanga usoni, akanigeuzia mgongo. Arobaini ilipopita nilikwenda kumjibu, lakini hakuniuliza tena.