Mwenyewe Hajulikani

Kazi yangu ni kutembeza wageni katika chumba cha dawa za kulevya, ghorofa ya pili ya makumbusho. Nina ulimi mkali, na wanafunzi wananijua. Anayecheka mbele ya masanduku ya vioo namsimamisha palepale mpaka aone haya.

Mbele ya kijiko, lakini, hajawahi kucheka mtu. Ni kijiko cha chai, mpini wake una ua dogo, na tumbo lake limeungua likawa jeusi. Kibandiko chake nilikiandika mwenyewe: "Kijiko cha kuyeyushia unga. Mwenyewe hajulikani." Kisha kwa mdomo naongeza yasiyoandikwa. Nasema mwenye kijiko hiki alikufa, kijana mwenye watu wake, akakutwa asubuhi barazani. Hapo hata wakorofi wa nyuma hunyamaza kimya, na mkuu wangu wa kazi hunisifu kwamba najua kufundisha.

Uongo mtupu. Kijiko ni cha mama yetu, kimoja kati ya sita vya wageni. Nilikikuta chini ya godoro la mdogo wangu, na siku hiyohiyo nikabadilisha kitasa. Alipogonga nikamwambia kupitia mlangoni, "Mama amesema usifunguliwe." Mama hakusema hivyo. Mama alikuwa jikoni analia, ananisihi nifungue.

Makumbusho walipotafuta vitu vya kuonyesha, nilikileta kijiko nimekifunga kwenye leso. Mama mpaka leo anauliza cha sita kimekwenda wapi, nami najitia hamnazo. Miaka mitatu sikumtafuta mdogo wangu. Nimekuwa nikimuua mara tatu kwa siku, ila Jumatatu, maana Jumatatu tunafunga.

Wiki iliyopita walikuja watu tisa kutoka kituo cha matibabu, pamoja na mshauri wao, mwanamke mcheshi aliyevaa raba. Nikaanza kwa mazoea, macho kwenye vioo, maneno yakijiendea yenyewe. Tukafika kwenye kijiko.

"Mwenye kijiko hiki alikufa," nikasema.

"Alikufa lini, dada?"

Sauti niliijua kabla sijageuka. Alikuwa amenenepa, shati limepigwa pasi, na juu ya jicho lile kovu la kuanguka kwenye ngazi alipokuwa na miaka mitano. Siku ile pia mimi ndiye niliyeachiwa nimwangalie.

Ningeweza kusema sijui, kibandiko kingenitetea. Lakini ningekuwa nimemzika tena, na safari hii mwenyewe anasikia.

"Hakufa," nikasema. "Nimewadanganya. Ni mdogo wangu huyu hapa, na mimi ndiye niliyemfungia mlango."

Watu wakatazamana. Mzee mmoja wa kikundi akapiga makofi. "Kumbe tunalala chumba kimoja na marehemu! Na anavyokoroma!"

Wakacheka wote, mdogo wangu naye akacheka. Mimi nilishindwa. Mshauri akanitazama, akaelewa, akawavuta wenzake kwenye sanduku la pili huku akiwaeleza mambo ambayo hakuyajua vizuri.

Tukabaki wawili. Aliinama akasoma kibandiko polepole, kidole kikifuata maneno juu ya kioo.

"Nina miezi minane sijagusa," akasema bila kuniangalia. "Kila wiki mshauri ananiuliza kwa nini siendi nyumbani. Namwambia mama hanitaki." Akaondoa kidole kwenye kioo. "Ni kweli mama alisema vile?"

Nilitamani aniulize jingine lolote.

"Hapana. Alikuwa ananiomba nikufungulie. Yale maneno ni yangu. Nisamehe, mdogo wangu."

Nikatoa ufunguo, nikafungua sanduku, kitu ambacho tumekatazwa mbele ya wageni, nikakibandua kile kibandiko. Kikachanika. Nikampa kijiko. Akakigeuza upande wa ua, akalipangusa kwa kidole gumba, akanirudishia.

"Kiache hapa, kitawafaa wengine. Mwambie mama kilipo."

"Nitamwambia leo. Na wewe?"

"Nitakuja Jumamosi," akasema, huku akienda kuwafuata wenzake. "Lakini nikigonga, dada, afungue mama."