Fundi Asiyetajwa

Ikupa alitua karai la saruji dirishani, akagonga ukuta mara mbili kwa jiwe, akaondoka haraka kabla mkono wa fundi haujatokeza. Ndivyo walivyofanya kazi kwenye zahanati ya Nkunga tangu kuta zisimame. Fundi Anyelwisye, aliyekuwa ndani akipiga lipu, ni baba wa mumewe, na kwa Wanyakyusa wa kizamani mkamwana hamtazami mkwe wake wala kutamka jina lake, hata nyumba ikiungua. Watu wa mjini wameshaacha. Ikupa hakuwa wa mjini. Rukia, mwenzake wa kuchota maji, humtania kwamba siku mzee akidondoka jukwaani itabidi amwokote kwa kinyumenyume.

Asubuhi hiyo likaja gari la serikali. Akashuka Bi Sia, ofisa kazi kutoka Mbeya, na mabuti yake ya mvua. Alieleza, kwa upole wa mtu aliyechoshwa na barabara, kwamba kazi ya serikali ina masharti: vibarua wawe wa kata hii, kila mmoja na mkataba wake, maana makandarasi wamezidi kuleta watu hewa. Kwa hiyo kila kibarua amtaje fundi anayemhudumia. Asiyemjua, hana mkataba.

Wa kwanza alikuwa Sunday, shemeji wa mkandarasi, ambaye kazi yake inayojulikana ni kucheza drafti kule Kiwira. Kofia yake ngumu bado ilikuwa na karatasi ya dukani.

"Fundi Anyelwisye, mheshimiwa."

Akapita.

"Na wewe mama, fundi wako nani?"

"Ni yule wa ndani," Ikupa alisema, macho chini.

"Wa ndani ana jina."

"Analo."

Sunday akacheka. Rukia akaingilia, akaeleza habari ya mkwe na mkamwana, na Bi Sia akamsikiliza mpaka mwisho.

"Nakuelewa, dada. Lakini hapa kwenye fomu pana ndiyo na hapana tu. Niandike nini, kwamba amenyamaza kwa heshima?"

Ndani, mzee akakohoa. Angeweza kutoka amtetee, lakini kutoka ndiko kusimama mbele ya mkamwana wake. Akakohoa tena.

Ikupa aliujua mkataba ule. Ukiwa nao, zahanati ikiisha unahamia nao kwenye ujenzi wa shule ya Lupepo. Usipokuwa nao, unarudi kuchuma chai ya watu. Akafungua mdomo. Jina likafika kwenye ulimi, likakaa hapo hapo. Akaufunga.

Bi Sia akaandika hapana.

Kabla hajaondoka, akataka kuwaona wenye mikataba wakifanya kazi. Msimamizi wa ujenzi akamsukumia Sunday karai. Kijana akalibeba akiyumba, saruji ikimchuruzika begani, akalibwaga dirishani.

"Fundi Anyelwisye! Saruji!"

Akaita tena, na tena. Mzee alikuwa ameketi juu ya ndoo aliyoipindua, mwiko magotini, akingoja ukuta ugongwe mara mbili. Saruji ikaanza kuganda karaini.

Bi Sia akamgeukia Ikupa. "Kwani wewe ulikuwa unamwitaje?"

Ikupa akaliokota lile jiwe chini ya dirisha, akalipangusa kwa kanga, akalitia kwenye ndoo yake, akaenda zake nyumbani.