Mikuki Iliyorukwa

"Baraza la soko limekwisha," akasema Lukumani, kapita wa boma, mnyapara wa serikali mpya, akijipigapiga kiboko pajani. "La kivuko limekwisha. La njia ya Kabambare, nalo limekwisha. Sasa baraza iko moja tu, ya boma."

Amisa aliacha kufagia mlango wa soko la Kasongo. "Na mimi, bwana kapita?"

"Wewe ulikuwa nani kwenye baraza la soko?"

Alijua vizuri, mshenzi yule. Tangu enzi za waungwana waliotoka pwani, kabla Wazungu hawajapandisha bendera yao ya nyota, wanaume wa vijijini hawakuingia sokoni na mikuki. Walimwachia Amisa, mjane, kwa sababu mwanamume hampi mwanamume mwenziwe silaha yake asije akaonekana ameshindwa. Jioni waliichukua wakaenda zao, na soko likaisha bila damu.

"Mutunza mikuki," akajibu.

"Kazi hiyo imefutwa. Mikuki itatunzwa na askari, ndani ya boma. Lakini leo kaa hapo kama siku zote, upokee. Askari watakuja kubeba."

"Na wenyewe wakiitaka?"

"Waifuate bomani." Lukumani akacheka. "Mizigo ya Kabambare inangoja mabega."

Amisa akaelewa. Wanaume walioitwa bomani wakati wa mvua, eti kuulizwa jambo dogo tu, walitoka wamefungwa kamba shingoni, na wengi hawajarudi. Kuwakamata sokoni askari wanne wangeshindwa, umati ni mkubwa. Bomani ni kufunga lango tu.

"Ukifungua mudomo," kapita akamwonyesha kiboko, "hiki kitakujibu."

Akaketi karibu, juu ya gunia la chumvi, kama mtu anayengoja bei ishuke. Serikali mpya ilipenda usafi, na mabaraza ya zamani iliyaona takataka. Waliofagiwa pamoja nayo ilikuwa shauri lao.

Watu wa kijiji cha Lusangi wakafika wanacheka, vichwani vibuyu vya mawese. Mbele yao alikuwa mume wa Faida, binti wa pekee wa Amisa. Jina lake Amisa hakulitaja. Mama mkwe halitaji. Naye kwa adabu akageuza uso, akaulaza mkuki wake chini, akapita. Tangu arusi hawakuwa wamesemezana.

"Yambo, mama Amisa," akasema mwingine, akimkabidhi wake. "Huu uuchunge sana, unapenda kutoroka na wanawake."

"Yambo, baba," akajibu. Hakuweza kucheka. Aliogopa kiboko, aliogopa na macho ya Lukumani, na zaidi alimwogopea Faida, aliyekuwa Lusangi na mtoto mchanga kifuani. Mkuki mmoja baada ya mwingine, akapokea yote, na kila alipopokea alijiona anauza mtu.

Jua lilipopanda, askari wakaja. Wakaitandaza mikuki chini waifunge mafungu.

"Eh! Mikuki yetu!"

Watu wa Lusangi wakaacha mawese yao wakakimbia, mume wa Faida mbele. Mkuki wake ulikuwa wa marehemu baba yake. Angeufuata hata kuzimu, sembuse bomani. Lango la boma lilionekana pale juu, wazi.

Amisa akasimama. Akainua nguo yake mpaka magotini mbele ya soko zima, akaruka mikuki, akageuka, akairuka tena.

Mkuki uliorukwa na mwanamke umekufa. Haupelekwi vitani wala porini. Ukirukwa na mama mkwe, mwenyewe hata kuutazama ni mwiko. Askari hawakujua hilo, walikuwa watu wa mbali.

Mume wa Faida alisimama ghafla. Kwa mara ya kwanza akamtazama Amisa usoni, na ilionekana kama anataka kulia. Kisha akainamisha kichwa.

"Turudi nyumbani," akawaambia wenzake. "Hapa hatuna kitu tena."

Wakashika njia ya Lusangi mikono mitupu. Mmoja akatema mate. Aliyetania asubuhi akamlaani Amisa kwa Kibangubangu, lugha ya kwao, kwa sauti, mpaka akapotea kwenye majani marefu.

Askari wakabeba mafungu yao, wakaenda kungoja wenye mali langoni.

Lukumani alikuwa mzaliwa wa hapa hapa, naye alielewa. Akainuka polepole juu ya gunia, hacheki tena. Amisa alimwona anakuja na kiboko mkononi. Akaishusha nguo yake ifunike magoti, akamngoja.