Ndoo Kavu ya Mama Jacky

Saa kumi na moja jioni, Jumatano, Rispa alikuwa ameketi kwenye kibanda chake cha mboga mtaani Lucky Summer akikata sukuma wiki ya mteja wa nane. Wateja wa siku hizi hawataki sukuma nzima. Wanataka wapewe imekatwa nyembamba, bila bua, tayari kuingia sufuriani. Kwa hiyo Rispa hukunja majani kumi kwa pamoja, akayakata, na mabua akayaangusha kwenye beseni lake mwenyewe. Mteja hana habari na mabua. Rispa anayo. Jioni ile angeyamenya, ayakate vipande vidogo, ayachemshe na ndengu, na ambaye hajui angeapa kwamba anakula mishiri, yale maharagwe mabichi ya kijani.

Katika ploti nzima ya vyumba vya kupanga hapakuwa na mtu wa kumshinda kwa mambo haya. Hakuwa mchoyo, tena ukifika kwake saa ya chakula hungetoka hivi hivi. Hakupenda tu kuona kitu kikienda bure. Nyanya zilizolegea alizichemsha zikawa rojo, akazitia kwenye chupa ya jemu. Dania yake ilikaa dirishani ndani ya glasi ya maji, mbichi wiki mbili. Maganda ya viazi aliyaosha akayakaanga na chumvi. Majani ya karoti, ambayo wenzake waliwapa sungura, yeye aliyatia kitunguu. Akina mama wa kanisa walimwalika siku moja awafundishe, wakaja na daftari, na yeye akasimama mbele yao na kabichi lililokunjamana akaonyesha kwamba bado lina maisha. "Akiba haiozi," aliwaambia, na alikuwa anaamini kila neno.

Vijana wa taka walipopita kila Jumamosi na mkokoteni, mlango wake waliuruka. "Kwa Mama Jacky ni kavu," waliambiana. Ndoo yake, ya buluu, iliyowahi kubeba rangi ya ukuta, ilikaa karibu na mlango na kifuniko chake, na ndani yake buibui walikuwa wamejenga bila wasiwasi.

Jacky mwenyewe, binti yake wa pekee, alikuwa ameondoka mwaka mmoja na miezi miwili iliyopita kwenda Ghuba kufanya kazi katika nyumba ya watu. Aliyempeleka alikuwa wakala mmoja jina lake Muriuki, mwenye ofisi mjini. Miezi mitatu ya kwanza Jacky alipiga simu kila Ijumaa, na swali lake la kwanza lilikuwa, "Mmepika nini?" Kisha mwenye nyumba akaichukua simu akaiweka mahali. Tangu hapo kimya.

Rispa alitamani kumwona mtoto wake, na hakuona aibu kusema. Usingizi alipata, kazi alifanya, kanisani aliimba. Shida ilikuwa kwenye mwiko. Kila alipopika alichota mchuzi kidogo, akaupuliza, akageuka na kusema, "Onja chumvi," na hapakuwa na mtu wa kuonja. Miezi yote hiyo hakuweza kuacha kugeuka.

Jumatano hiyo aliporudi nyumbani alikuta hasara. Gunia la kabichi lilikuwa limeegemea kreti ya nyanya kwa siku kadhaa, na chini kabisa nyanya nane zilikuwa zimepondeka zikaota ukungu. Alizinusa. Alizigeuza. Hata yeye alikubali kwamba hizi zimekwisha. Akawaomba radhi buibui, akazitupa ndani ya ndoo, akafunika, akaenda bombani kuchota maji.

Aliporudi ndoo ilikuwa tupu. Ndani ilikuwa imepanguswa safi, na juu ya ukingo, upande wa mlango, vilikuwa vimepangwa vikonyo vinane vya nyanya, kimoja nyuma ya kingine, kama watu kwenye foleni ya maji. Rispa alivitazama. Jacky tangu utotoni hakula kikonyo. Alikitoa mdomoni akakiweka kwenye ukingo wa sahani, na ole wako uvuruge mstari wake kabla hajamaliza.

Rispa aliweka mtungi chini akaenda kumwita Batulo wa chumba cha tatu, mzaliwa wa Garissa, anayekaanga sambusa za kuuza. Batulo alikuja na unga mikononi, akainama, akavitazama vikonyo bila kuvigusa.

"Ni yeye," alisema. "Ana njaa."

"Zilikuwa na ukungu, Batulo."

"Basi ana njaa sana."

"Nitajuaje kama atarudi kula?"

Batulo alijipangusa mikono kwa shuka lake. "Ndugu yangu Aweys alipotoka kwenda Ulaya kwa njia ya jangwa, alikuwa akitumalizia maji ya mtungi. Tunajaza asubuhi, jioni hakuna tone. Mama alikuwa akisema, msilalamike, jazeni. Tulijaza miezi miwili, walahi."

"Halafu?"

"Halafu siku moja jioni tulikuta mtungi umejaa."

Kisha Batulo akarudi kwa mafuta yake kwa sababu sambusa zilikuwa zinaungua.

Siku ya pili Rispa hakufungua kibanda. Alikanda unga, akapika chapati sita za kukunja, na ndengu ya nazi, chakula ambacho Jacky angeacha harusi kukifuata. Akamwekea kwenye sahani yake ya maua, mezani, pamoja na kijiko. Hakuna aliyegusa. Ijumaa akapasha moto chakula kilekile, akaiosha ndoo kwa sabuni, akakipanga ndani taratibu kama mtu anayemwandalia mgeni, chapati chini, ndengu pembeni. Akafunika. Hakuna aliyegusa. Jumamosi ndengu ilikuwa imeanza kuchacha na Rispa alikuwa ameshikwa na hasira, hajui hasira na nani, akakikung'uta chote ndani ya ndoo ile ile pamoja na maji machafu ya vyombo, akageuza uso, akabamiza kifuniko. Kabla hajamaliza kusugua sufuria alisikia ndoo imekuwa nyepesi, maana upepo uliisukuma. Akafungua. Hata maji hayakuwapo.

Hapo akaelewa, bila kuelezwa na mtu. Katika nyumba ile ya Ghuba Jacky hakuwa akipewa sahani. Alikula kilichotupwa, baada ya wenyewe kukitupa, na alikuwa amekizoea hivyo, na chakula kisichotupwa hakikuweza kumfikia. Ndoo ya Lucky Summer ilikuwa imeungana na ndoo ya kule, basi, kama vile bomba la ploti hii limeungana na la ploti ile, na ukikausha hapa unakausha kule.

Rispa akaketi mlangoni akaanza kuhesabu. Miezi kumi na moja. Miezi kumi na moja amemenya mabua, amekaanga maganda, amechemsha mifupa ya mbuzi wa machinjio ya Kiamaiko mpaka ikawa myeupe, amefundisha kanisa zima, na mtoto wake kila jioni ameinama juu ya ndoo iliyo na buibui. Alilia. Alilia kwa sauti, mchana kweupe, na jirani waliopita walimwambia pole bila kuuliza, maana kila mmoja alijua Jacky yuko wapi.

Kuanzia siku hiyo alianza kujifunza kutupa. Msicheke. Mtu wa miaka hamsini na miwili, aliyelelewa kuokota punje ya mchele iliyoanguka mkekani, si kazi ndogo kumfundisha kutupa pilau. Mkono ulikataa. Alisimama juu ya ndoo na sufuria ya moto, na vidole havikutaka kuinamisha. Na alipoinamisha polepole kwa upendo, ndoo haikudanganyika, chakula kilibaki. Batulo alikuja akasimama kando yake.

"Geuza uso," alimwelekeza. "Sema kitu kingine. Sema habari ya stima."

"Stima ilipotea tena jana, ploti nzima giza," alisema Rispa, na akatupa.

Ikawa hivyo. Asubuhi aliiosha ndoo kwa sabuni na maji ya moto. Mchana alichagua kwenye kibanda chake mboga bora kuliko zote, zile za juu kabisa, zenye umande, ambazo zamani angemwekea mteja mzuri. Akazikata nyembamba, akazipika zikaiva lakini zikabaki kijani, akasonga ugali mdogo, siku nyingine akaongeza maini. Kisha akasema habari ya stima au ya barabara akavitupa. Yeye mwenyewe aliendelea kula mabua. Hakuona haja ya kubadilisha hilo.

Maneno yakaanza. Wale wale mama wa kanisa wenye daftari walimwona akimwaga wali wa minji, yaani njegere, wakapelekeana habari kwamba Mama Jacky ameharibika, anatupa chakula na watu wana njaa. Mmoja alikuja kumkemea kwa upole wa kikanisa. Rispa alimfungulia ndoo, ambayo ilikuwa tupu, na ukingoni palikuwa na vikonyo vitatu. Yule mama alivitazama, akauliza Jacky anapenda nini, na kesho yake akaleta parachichi mbili zilizoiva sawasawa na hoho nyekundu. Wakazitupa pamoja, wakizungumza juu ya mvua.

Mwishoni mwa mwezi Rispa alivaa nguo ya Jumapili, akaibeba ndoo, akaenda mjini kwa Muriuki. Ofisi ilikuwa ghorofa ya tatu, na kwenye benchi la kungojea aliwakuta akina mama wengine wanne. Mmoja alikuwa amepakata mto wa kulalia uliokuwa ukichuruzika maji, akiukamua mara kwa mara ndani ya beseni. Mwingine alibeba kandambili zilizokuwa zimelika nyayo ilhali hakuna aliyezivaa. Walisogeana akapata nafasi ya ndoo.

Muriuki hakuwa mtu mbaya wa kutazama. Alikuwa na tai, na alimpa kiti. Alichungulia ndani ya ndoo kama daktari anavyochungulia koo.

"Kwa hiyo anakula," alisema.

"Anakula taka, Muriuki. Mtoto wangu anakula taka ya watu."

"Mama, tusikimbilie hapo. Mkataba uko hapa. Mkataba unasema mfanyakazi atapewa malazi na chakula." Aligeuza ukurasa na kuweka kidole. "Haujasema kitatoka wapi."

"Mrudishe."

"Akirudi kabla ya wakati anavunja mkataba. Na pasipoti iko kwa mwajiri, si kwangu. Mimi naweza kukupa fomu." Akatoa fomu. Ilikuwa na visanduku vya kutia alama: mshahara, usingizi, kipigo, chakula. Karibu na neno chakula palikuwa na visanduku vidogo viwili, "kidogo" na "hakuna". Rispa alitafuta cha kwake akakikosa. Akatia alama katikati, kalamu ikatoboa karatasi.

"Tutafuatilia," alisema Muriuki, na akamwita mama wa mto.

Wiki sita zikapita. Rispa alipika, akatupa. Zilikuja siku ambazo ndoo ilichelewa kuisha mpaka saa tatu usiku, na siku hizo hakuweza kuketi. Alitembea kutoka mlangoni hadi bombani, bombani hadi mlangoni, na Batulo alitembea naye bila kusema lolote kuhusu mitungi. Kisha iliisha, nao wakalala.

Simu ya ofisi ilikuja Alhamisi alasiri akiwa kibandani, kisu mkononi. Alikuwa Muriuki mwenyewe, na sauti yake ilikuwa changamfu.

"Mama Jacky, nina majibu mazuri. Mwajiri amejibu lile lalamiko. Anasema hana shida yoyote na binti. Kwa kweli anamsifu. Anasema wasichana wote aliowahi kuwa nao walikuwa wanaharibu, lakini tangu huyu afike, nyumbani kwake hakuna chakula kinachopotea. Anasema alilelewa vizuri."

Rispa aliweka kisu chini.

"Amefurahi mpaka ameongeza mkataba. Miaka mingine miwili. Hongera, mama. Uko hapo?"

"Nipo," alisema Rispa.

"Kuna chochote ungependa tumwambie mwajiri?"

Mteja alikuwa amesimama mbele yake akingoja sukuma yake. Rispa alichukua kisu tena. "Mwambie atupe vizuri," alisema. "Asichanganye na sabuni."

"Sawa. Nitaandika."

Alimalizia kumkatia mteja, akafunga kibanda mapema, akaenda nyumbani. Alikuwa ametupa chapati nne na kuku wa mchuzi saa saba, na sasa ilikuwa karibu saa kumi na mbili. Kifuniko kilikuwa kimekaa vizuri. Alikifungua.

Kuku alikuwa ameisha. Chapati zilikuwa zimeisha, isipokuwa nusu moja. Haikuwa imesahauliwa. Ilikuwa imekunjwa mara mbili, imewekwa peke yake katikati, juu ya jani safi la kabichi, na jani jingine limeifunika. Ndivyo nyumba inavyomwekea mtu aliyechelewa kazini. Ploti nzima hufanya hivyo. Sahani moja hufunikwa kwa nyingine, na wengine huambiwa msiguse, hiyo ni ya fulani.

Rispa aliifunua. Ilikuwa baridi, na upande mmoja palikuwa na alama za meno, ndogo, mtu alianza kuila akajizuia. Ilihitaji chumvi kidogo. Aliila akiwa amesimama pale mlangoni, yote, mpaka makombo ya kwenye jani, kisha akaingia ndani kuwasha jiko.