Mikono Mitano ya Ofisi Namba 14

1.

WARAKA KWA WAHADHIRI WOTE

Mhadhiri anapozungumza na mwanafunzi ofisini, mlango ubaki wazi. Waraka huu ubandikwe nyuma ya mlango wa kila ofisi.

(Nyuma ya mlango! Yaani ili uusome, lazima kwanza uufunge.)

2.

Wasichana wa mwaka wa tatu huwaambia wa mwaka wa kwanza, kwa mdomo, kila muhula unapoanza:

namba 14 nenda na mwenzio
mwenzio akae nje, akohoekohoe
usikae kwenye kochi
akisema alama zako hazionekani, sema utarudi
ukiwa peke yako

ukiwa peke yako

3.

DAWATI LA JINSIA. FOMU YA MALALAMIKO.

Jina: Tusajigwe Mwakibinga, mwaka wa pili.

Maelezo: Nilikwenda Jumatano saa tisa alasiri kuulizia alama za jaribio. Shamimu, ninayeishi naye chumba kimoja, alikuwa na homa, nikaenda bila wa kunisindikiza. Daktari, mhadhiri wa ofisi namba 14, alifunga mlango kwa ufunguo. Akasema alama zipo, ni mimi tu kujiongeza. Akanishika kiunoni. Nikakimbilia mlangoni nikavuta mkono wa kitasa kwa mikono yote miwili. Ukang'oka. Simu ya mezani ikaita, mkuu wa idara anamtaka. Akanifungulia, akaniambia nikajipange.

Shahidi:

4.

Mimi ni Eliufoo Mgonja, fundi seremala wa chuo, mwaka wa kumi na tisa huu. Sijisifu, lakini uliza. Nikiitwa saa mbili, saa mbili na nusu kazi imekwisha na takataka nimezoa. Alhamisi ile nilifanya kama nilivyozoea tu:

Hati ya kazi. Ofisi 14. Mkono wa kitasa, upande wa ndani. Umebadilishwa.

Daktari aliniambia, "Fundi, wewe ni mtu wa maana sana hapa chuoni." Nikafurahi. Naona aibu kulisema hilo, lakini nilifurahi siku nzima.

5.

TANGAZO LA KAMATI

Mlalamikaji (T. Mwakibinga) anadai mkono wa kitasa ulimng'okea alipojaribu kutoka. Kamati ilikagua mlango wa mhadhiri (jina limehifadhiwa) siku ya Jumatatu na kuukuta MZIMA KABISA. Mwenye ushahidi aufikishe Dawati la Jinsia kabla ya Ijumaa saa tisa alasiri. Asipopatikana, shauri litafungwa, na mlalamikaji atajibu shtaka la kumchafulia mhadhiri jina, ambalo adhabu yake ni kufukuzwa chuo.

6.

Foleni ya chakula, mezani, chooni:

"Si alienda mwenyewe?"

"Na hata mlango ni mzima, jamani."

"Mimi mwaka jana na mimi..."

"Na wewe nini?"

"Basi. Nipe chumvi."

7.

Alhamisi iliyofuata nilitumwa kuweka kioo kipya kwenye ubao wa matangazo. Kioo kinahitaji utulivu, kwa hiyo nilisoma kila neno.

Mzima kabisa.

Mzima kwa sababu yangu.

Nilirudi karakana. Vipuri vibovu huwa situpi, naviweka kwenye kopo la rangi. Nikamwaga kopo mezani, nikatafuta na hati zote za Ofisi 14.

Wewe unayesoma, hebu nenda kwenye mlango wako sasa hivi. Shika mkono wake wa ndani, uvute mpaka skrubu zitoke na vipande vya mbao. Huwezi. Huwezi kwa sababu huna hofu ya kutosha.

Kila mara niliweka skrubu ndefu zaidi. Kila mara ulirudi kung'oka. Na mimi nikawa nalaumu mbao.

8.

Msimamizi wangu alinikuta na ile mikono mezani:

"Mzee Mgonja, mkataba wako unasainiwa mwezi ujao. Wewe fundi, siyo polisi."

"Ndiyo, bosi."

"Kwani uliona kitu?"

"Sikuona."

"Haya sasa."

Nilikaa na hilo "haya sasa" mpaka chai ikapoa.

9.

Ijumaa, saa nane na dakika arobaini.

Nje ya Dawati, wasichana wawili wamekaa kwenye benchi. Mmoja ameshika begi lake kama mtu aliyekwisha kufungasha. Mwingine anamkoholea kidogo, kwa mazoea. Wananiamkia, "Shikamoo, fundi." Naitikia, kopo langu kwapani.

Bi. Rukia wa Dawati ana fomu mbele yake.

"Ulikuwepo wakati wa tukio?"

"Sikuwepo, Bi. Rukia. Mimi hufika kesho yake."

"Kanuni inataka aliyeona."

Nafungua kopo. Naweka mkono wa kitasa juu ya meza, na hati yake chini yake. Wa pili. Wa tatu. Wa nne. Wa tano, huu wa wiki iliyopita, bado una mbao kwenye skrubu.

"Yote ni ya mlango mmoja?"

"Mmoja. Yote ya ndani. Wa nje haujawahi kung'oka hata siku moja."

Anaugusa mmoja mmoja, polepole.

"Fundi, lakini mimi lalamiko ninalo moja tu."

"Mikono ni mitano."

Saa ya ukutani inasema dakika kumi zimebaki. Bi. Rukia anainuka, anaufungua mlango wake wazi kabisa, anauegemeza kwa kiti. Kule benchini wanatuona. Anarudi, anachukua kalamu, na kwenye nafasi ya shahidi anaanza kuandika jina langu.